Doa la biriani halihitaji jiki

Kanzu nyeupe ikidondokewa na mchuzi wa biriani, wengi wetu hapa Pwani hukimbilia jiki. Mimi jiki haingii kwangu, na sababu ni kisima. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya jiwe la matumbawe, lenye vitundu, na maji hulipenya upesi bila kuchujika vya kutosha. Maji ya kufulia tunayoyamwaga uani au kwenye karo huteremka huko huko tunakoteka.

Tuje kwenye biriani yenyewe. Doa lile ni mafuta na bizari ya manjano. Ukilipaka sabuni hugeuka jekundu, na hapo watu hushtuka wakadhani nguo imeharibika. Bizari ndiyo tabia yake ikikutana na sabuni au magadi. Toa mafuta kwanza: paka sabuni ya mche, fikicha kwa mkono, suuza. Kisha ianike ingali mbichi, doa likitazama jua. Rangi ya bizari haistahimili jua. Likibaki, rudia kesho yake. (Rangi ya unga ya kutilia wali ni habari nyingine, hiyo iwahi kwa maji baridi kabla haijakauka.)

Kutu nayo hutoka kwa ndimu na chumvi: kamulia, nyunyiza, weka juani saa kadhaa, suuza vizuri. Jiki hulikaza doa la kutu badala ya kulitoa. Ukimaliza nawa mikono, maana maji ya ndimu ngozini pamoja na jua huweza kuleta malengelenge. Damu ni maji baridi, kamwe si moto.

Doa la dafu ndilo kaidi kuliko yote. Likiwa bichi hulioni. Likikauka huwa la kahawia, na hapo umechelewa. Suuza papo hapo. Waulize wakwezi kama nguo zao za kazi huenda nazo msikitini!

Makwapa yaliyogeuka manjano, loweka nusu saa kwa maji na siki kidogo, kisha fua. Hapa pia jiki huzidisha umanjano.

Wenye visima vya maji magumu mnajua sabuni isivyotoa povu, ikaacha utando na kanzu ikafifia. Kuongeza sabuni ya unga ni kuongeza utando na kumwaga zaidi chini. Afadhali kinga maji ya mvua, uyaweke kwa suuzo la mwisho, au kamulia ndimu moja kwenye ndoo ya kusuuzia.

Ila mwenye jiki nyumbani asiichanganye na ndimu wala siki hata tone: hutoa hewa ya sumu inayochoma kifua, na bafu zetu nyingi hazina dirisha la maana. Na leso za rangi msiziweke juani na ndimu, hupauka. Hizo zianikwe kivulini, upande wa ndani ukiwa nje.