Mtoto mwenye usonji akibadilika ghafla, usiseme ‘ndivyo alivyo’

Alikuwa analala vizuri, sasa anakesha. Anajipiga kichwa, anakataa chakula, hataki kutoka nje. Nyumbani wanasema, “Si ana usonji, ndivyo alivyo.” Kumbe anaumwa kitu kingine kabisa.

Usonji siyo ugonjwa wa akili. Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni. Lakini mwenye usonji anaweza pia kupata hofu iliyopitiliza au sonona, kama mtu mwingine yeyote. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa karibu watoto na vijana 40 kati ya 100 wenye usonji wana tatizo la hofu. Na hilo linatibika.

Anza na mwili

Mtoto asiyeongea hawezi kukwambia jino linauma. Apimwe kwanza meno, masikio, tumbo na kifafa, ambacho huwapata zaidi watu wenye usonji.

Angalia mazingira

Sirari ni mji wa mpakani. Honi za malori yanayokwenda Isebania, bodaboda na spika za maduka vinaweza kumzidi mtoto. Jiulize pia: amehamishwa shule? Kuna msiba? Wenzake wanamwonea?

Tiba ikoje?

• Ushauri wa kisaikolojia uliorekebishwa: picha, maneno machache, mzazi akiwepo. Anayeogopa sokoni anazoeshwa taratibu. Leo mnaangalia kwa mbali, siku nyingine mnasogea kidogo. Asilazimishwe.

• Ratiba ya picha ukutani, ajue kinachofuata. Hofu nyingi hupungua hapo.

• Dawa, kwa maelekezo ya daktari tu. Mwaka 2006 Marekani iliidhinisha risperidoni kwa watoto wenye usonji wenye hasira kali na wanaojiumiza. Haitibu usonji wenyewe, na inaweza kuongeza uzito na usingizi, hivyo lazima afuatiliwe.

Kumfungia ndani au kumfunga kamba siyo tiba. Kunaongeza hofu ile ile.

Uende wapi?

Anzia kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya Tarime, uombe rufaa. Ngazi inayofuata ni hospitali ya rufaa ya mkoa, Musoma, kisha Bugando, Mwanza, ambako kuna madaktari wa afya ya akili.

Simu yako itasaidia. Mrekodi kwa dakika moja anapopata shida, kwa sababu akifika kwa daktari anaweza kutulia kabisa. Andika pia ilianza lini, inatokea saa ngapi, na nini kilitangulia.

Kijana akizungumzia kufa au akijiumiza vibaya, usisubiri tarehe ya kliniki. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake.