Kibuyu, Pipa na Dumu: Maji ya Kambini Kutoka Msalala Hadi Geita

Misafara ya karne ya 19 iliyokwenda Unyamwezi na Usukuma ilikuwa na mwendo wake wa kuvuka nyika kavu. Asubuhi wapagazi walipika na kula palipokuwa na maji, wakanywa wakashiba, wakajaza vibuyu. Jua likishapita utosini, mizigo ikafungwa, kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, akatangulia. Walitembea mpaka giza, wakalala porini pasipo kisima wala mto, na alfajiri wakaendelea hadi maji ya mbele. Mwendo huo uliitwa terekeza. Richard Burton na Henry Stanley wote waliuandika katika vitabu vyao vya safari, hasa walipozungumzia Mgunda Mkali, pori lililotenganisha Ugogo na Unyamwezi.

Hesabu yake ilikuwa rahisi na ya busara. Chakula, ambacho ndicho kinachomaliza maji mengi, kilipikwa penye kisima. Maji ya kubeba yakawa ya koo tu, tena ya usiku mmoja.

Chombo cha kazi hiyo kilikuwa kibuyu. Tunda lake lilikaushwa, likatobolewa shingoni, mbegu zikakung'utwa, kisha likalowekwa na kuoshwa mara nyingi hadi uchungu uishe. Ni chepesi kuliko mtungi, hakivunjiki kirahisi kikining'inizwa kwenye mzigo, na shingo yake nyembamba ikizibwa kwa majani, maji hayamwagiki njiani. Kibuyu kikipasuliwa katikati hupatikana kata, na kwa kata hiyo kila mtu alipimiwa fungu lake. Katika kambi yenye maji machache, kata ndiyo iliyokuwa mizani.

Julai 1858 msafiri Mwingereza John Hanning Speke aliondoka Kazeh, eneo la Tabora ya leo, akaelekea kaskazini pamoja na Sidi Mubarak Bombay na wapagazi wachache. Ilikuwa kiangazi. Alipita Msalala, akavuka nchi ya Wasukuma, na mwanzoni mwa Agosti akaliona ziwa ambalo baadaye aliliita Victoria. Kwa mgeni yule ziwa lilikuwa ugunduzi. Kwa wenyeji wa njia ile, kila kituo cha kulala kilikuwa kinajulikana zamani kwa maji yake: kisima kipi kinakauka mapema, mto upi ukifukuliwa mchanga unatoa maji hadi mvua zirudi.

Ujuzi huo haukuwa wa anasa. Shinyanga, ilikopita njia ile, ni nchi ya mvua moja, inayoanza karibu na Novemba na kukoma Aprili au Mei. Mbuga zake za udongo mweusi hugeuka matope wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Ndiyo maana kila kaya ilitunza mtungi wake kwa heshima. Uliwekwa kivulini juu ya mchanga, ukafunikwa, na kata ikawekwa juu ya kifuniko. Udongo uliochomwa hupitisha unyevu kidogo kidogo. Unyevu ule unapokauka nje ya mtungi huondoka na joto, na maji ya ndani yanabaki baridi hata mchana wa Oktoba.

Madini yalileta kambi za namna nyingine. Wajerumani walikwisha kutambua dhahabu ya Geita tangu mwaka 1898, na mgodi ukafanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966. Upande wa Shinyanga, mwaka 1940 Mkanada John Williamson alipata almasi Mwadui. Kuosha mchanga wa almasi kunakunywa maji kuliko kijiji kizima, na bwawa la Songwa likawa sehemu ya maisha ya mgodi ule. Magari nayo yalileta pipa la chuma la lita 200. Pipa lilibeba maji ya watu wengi kwa safari moja, lakini lilikuja na hatari mpya: halikujengwa kwa ajili ya maji. Mtungi haukuwahi kubeba dizeli.

Serikali za nyakati mbalimbali zilipambana na ukame wa Shinyanga. Mpango wa maendeleo wa Usukuma, baada ya Vita Kuu ya Pili, ulichimba malambo kwa ajili ya watu na mifugo. Mwaka 1971 Tanzania ilijiwekea lengo kwamba ndani ya miaka 20 kila mwanakijiji apate maji safi karibu na nyumba yake. Kati ya 1974 na 1978 mradi wa visima vifupi uliosaidiwa na Uholanzi ulisambaza pampu za mkono Shinyanga. Kisha mwaka 2009 ukazinduliwa mradi mkubwa wa kuleta maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele hadi Kahama na Shinyanga. Safari iliyomchukua Speke majuma, maji sasa yanaifanya ndani ya bomba.

Lakini bomba hufuata mji, na rashi ya dhahabu haifuati bomba. Habari ikivuma kwamba mahali fulani pametema dhahabu, kambi ya maturubai huota ndani ya siku chache, na nyuma ya wachimbaji wanakuja mama ntilie, wenye karasha za kusagia mawe na wauza maji. Muuza maji ndiye pagazi wa leo. Dumu moja la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Baiskeli yenye madumu manne inasukumwa na kilo 80 juu yake, kwenye njia ya vumbi. Mashirika ya misaada duniani hukadiria kwamba mtu aliye kambini anahitaji angalau lita 15 kwa siku kwa kunywa, kupika na usafi. Kwa hesabu hiyo, baiskeli moja inatosha watu watano.

Maji mengine yanakwenda mwaloni. Mwalo kando ya Ziwa Victoria ni mahali wanaposhushwa samaki; machimboni ni mahali mawe yaliyosagwa yanapooshwa ili dhahabu ibaki kwenye magunia yaliyotandikwa juu ya ubao. Kiangazi, maji ya dimbwi la mwalo huzungushwa na kutumika tena na tena, na humo ndimo matope yenye zebaki ya kunasia dhahabu yanamobaki. Ndoo ikichota hapo asubuhi, jioni ikachotea maji ya kunywa, zebaki imeingia jikoni.

Thamani ya tone la maji ilionekana kwa uchungu Nyangalata, wilayani Kahama, mwaka 2015. Duara, yaani shimo la uchimbaji, liliporomoka Oktoba, wachimbaji wakafunikwa chini ya ardhi. Baada ya siku 41, watano walitolewa wakiwa hai. Walikula mizizi na wadudu, wakanywa maji yaliyokuwa yakipenya kutoka juu. Bila maji yale, wasingefika hata juma la pili.

Nyangalata haiko mbali na njia aliyopita Speke, na masharti ya kambi hayajabadilika sana tangu siku za vibuyu. Kwa hiyo mwenye duara na mwenye mwalo wanaombwa jambo ambalo pagazi wa 1858 angelielewa mara moja: maji ya kunywa yawe na chombo chake, kilichofunikwa, chenye koki au kata yenye mpini mrefu ili mkono usiguse maji. Chombo hicho kipakwe rangi, kiwekwe kivulini mbali na mwalo, wala kisiazimwe kwa kazi nyingine hata siku dhahabu inapotoka kwa wingi.