Dripu Ilivyounganishwa na Kompyuta

Kwetu mgonjwa "hutundikiwa maji", na kitenzi hicho kimebeba nusu ya historia ya dripu: chupa iko juu, maji yanashuka kwa uzito wake, nesi amesimama na saa akihesabu matone. Pampu ya umeme ilipoingia wodini katika karne ya 20, ilimpunguzia kazi ya kuhesabu lakini ikamwachia kalamu. Alisoma kiwango kwenye kioo, akakinakili kwenye faili.

Hospitali ya LDS ya Salt Lake City, Marekani, iliona dosari hiyo mapema. Tangu 1967 ilikuwa na HELP, mfumo wa kompyuta ulioanzishwa na Homer Warner, uliosoma taarifa za mgonjwa na kumtahadharisha daktari. Lakini habari za dripu haukuzijua mpaka mtu azichape. Na kuvuta waya tu hakukutosha: kila kiwanda kilikuwa na plagi yake na lugha yake, hivyo kila aina ya pampu ilidai mkalimani wake. Mwaka 1984 ikaanza kamati ya 1073 ya IEEE, taasisi ya wahandisi wa umeme, kutafuta lugha moja ya vifaa vya kitandani. Waliiita "basi" la taarifa za tiba, na kwa kweli abiria, yaani viwanda, walichelewa sana kupanda.

Ripoti ya Taasisi ya Tiba ya Marekani ya 1999 ndiyo iliyotia watu hofu: makosa ya tiba yalikadiriwa kuua wagonjwa 44,000 hadi 98,000 kwa mwaka katika hospitali za nchi hiyo. Zikaja pampu zenye orodha ya dawa na mipaka yake. Nesi akibonyeza 70 badala ya 7, pampu inapiga kelele. Hata hivyo pampu hiyo haikujua imefungwa kwenye mkono wa nani. Dawa ya jirani, ikiwa ndani ya mipaka, ilipita kimya. Hapo ndipo muunganisho ulipopata maana: nesi anaskani utepe wa mgonjwa, mfuko wa dawa na pampu, kisha agizo la daktari linaingia lenyewe kwenye pampu.

Lakini mlango ukifunguliwa haumchagui mgeni. Julai 2015, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilizihimiza hospitali ziache kutumia pampu za Symbiq za kampuni ya Hospira, kwa kuwa mdukuzi angeweza kupenya kupitia mtandao wa hospitali na kubadili dozi. Wakati zikitafuta pampu nyingine, zilishauriwa kuzichomoa Symbiq kwenye mtandao. Orodha za dawa zikarudi kuingizwa kwa mkono, pampu moja baada ya nyingine.