Zambarau, Karafuu na Tufaa: Maneno Matatu ya Jenasi Moja



Msimu wa zambarau unapofika, tunda hilo huuzwa kwa mafungu katika soko la Tandika, Wilaya ya Temeke, na mlaji hana pa kujificha: ulimi wake humshuhudia. Hana haja ya kujua kwamba mzambarau na mkarafuu wa Unguja na Pemba ni miti ya jenasi moja, Syzygium, yenye spishi zaidi ya 1,000. Hata wanabotania walichukua muda mrefu. Mwaka 1753 Carl Linnaeus aliutia mzambarau katika jenasi ya Myrtus na mkarafuu katika Caryophyllus. Majina yatumikayo sasa, Syzygium cumini na Syzygium aromaticum, yalitolewa mwaka 1912 na mwaka 1939.

Kiswahili hakikuutaja udugu huo, kwa kuwa majina yalifika kwa njia mbalimbali. Karafuu latokana na neno la Kiarabu qaranful, ambalo limo katika mashairi ya Waarabu ya kabla ya Uislamu. Mti wenyewe ulianza kupandwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Zambarau latupeleka Bara Hindi, kwenye jamaa ya maneno kama jambu la Kisanskriti na jamun la Kihindi.

Je, maneno haya ni ya kigeni? Wapo wanaoupima Uswahili wa neno kwa nasaba yake. Mimi naona kipimo hicho hakitoshi. Hatuna budi kuuliza wasemaji wamelifanyia nini neno hilo.

Kwanza, wamelitia katika ngeli: mzambarau, mizambarau, mkarafuu, mikarafuu. Pili, wamelifanya jina la mahali. Ukonga, katika Wilaya jirani ya Ilala, kuna Mzambarauni, kama Temeke ilivyo na Mikoroshini. Tatu, na hili ndilo kubwa, wamelifanya jina la rangi. Kama kijani kilivyotokana na jani, na kijivu na jivu, ndivyo tunavyosema kitambaa cha zambarau, bila kulifikiria tunda. Neno lililokuja likiwa jina la tunda limekuwa chombo cha kuutazamia ulimwengu.

Tufaa ni ushahidi zaidi. Kwa Kiarabu, tuffah ni tunda lile ambalo wauzaji wengi wa Dar es Salaam huliita epo. Unguja, tufaa likawa tunda la mti mwingine wa jenasi hiyohiyo ya Syzygium. Wasemaji walilipokea neno, kisha wakaamua wenyewe litaje nini. Mwenye kuamua hivyo si mgeni katika neno lake.

Basi kamusi inayoishia kuandika "Kar." au "Khi." mbele ya neno imetaja mlango lilimoingilia tu, haijaeleza maisha yake ndani ya nyumba. Maisha hayo yamo vinywani mwa watu. Nyua za Temeke zinajaa nyumba na miti inapungua. Anayekwenda Mikoroshini leo hukuta mapaa kuliko mikorosho. Mti ukikatwa, jina huweza kubaki. Lakini mzee aliyejua kwa nini mahali pakaitwa hivyo akiondoka, hubaki sauti tupu. Nendeni mkawaulize wazee mapema, na mwandike.