Vitambuzi vya nyumbani vyatumiwa kufuatilia dalili za sonona

MGONJWA wa sonona, hasa akiwa mzee, aghalabu hamwambii daktari kwamba ana huzuni. Hulalamikia maungo, tumbo au kukosa usingizi, na akijuliwa hali hujibu kuwa ni mzima. Dalili zenyewe husalia nyumbani: kitanda kisichoachwa hadi adhuhuri, jiko lisilowashwa, mlango usiofunguliwa kutwa.

Dalili hizo ndizo zinazowindwa na vitambuzi, yaani vifaa vidogo vya kuhisi mwendo vinavyobandikwa ukutani na milangoni. Nchini Marekani, katika makao ya wazee ya TigerPlace yaliyofunguliwa mwaka 2004 mjini Columbia, jimbo la Missouri, Profesa Marilyn Rantz wa uuguzi na mwenzake wa uhandisi, Marjorie Skubic, waliongoza utafiti ambapo vifaa hivyo viliwekwa katika nyumba za wakazi walioridhia. Kingine kiliwekwa kitandani kuhisi mapigo ya moyo, pumzi na kugaagaa usiku.

Mtambo haujui huzuni. Kazi yake ni kujifunza mazoea ya mtu mmoja, kama vile saa anayoamka, mara anazokwenda msalani na muda anaokaa nje, kisha kumjulisha muuguzi mazoea hayo yanapobadilika. Hapo ndipo penye ugumu. Mzee asiyetoka huenda ana mafua, au magoti yanamuuma, au mvua inanyesha tu. Wageni nao huutatiza mtambo, kwani kitambuzi cha kawaida cha mwendo hakitofautishi nyayo za mwenye nyumba na za mjukuu wake.

Aidha kuna suala la faragha: mtu anayekubali muuguzi ajue saa anazolala huenda asipende wanawe wajue.

Kwa hivyo uamuzi hubaki kwa binadamu. Mhudumu anaweza kutumia hojaji ya PHQ-9, ambayo imetafsiriwa kwa Kiswahili na kutumiwa humu nchini. Ina maswali 9 kuhusu majuma 2 yaliyopita, na alama zake ni 0 hadi 27. Aliyepata 10 au zaidi huhitaji uchunguzi wa kina. Swali la mwisho humwuliza mtu iwapo amewaza kuwa heri afe au ajidhuru. Wazo hilo halinaswi na kitambuzi chochote cha ukutani, na anayelikiri hupaswa kuhojiwa zaidi papo hapo, hata alama zake nyingine zikiwa chache.