Miaka 43 ya kumsubiri Uhura apendwe

Usiku wa tarehe 8 Septemba 1966, kituo cha NBC cha Marekani kilirusha sehemu ya kwanza ya tamthilia ya Star Trek. Kwetu Kerenge, kama Korogwe nzima na Tanzania Bara kwa jumla, hakukuwa na televisheni ya kuionea. Vituo vya kwanza huku kwetu vilikuja mwaka 1994, na Wazanzibari walikuwa wametutangulia kwa miaka ishirini hivi. Kwa hiyo wenye lugha hatukujua kwamba usiku ule, katika hadithi ya Wamarekani kuhusu karne ya 23, mwanamume alimtongoza mwanamke kwa Kiswahili.

Mwanamke huyo ni Luteni Uhura, afisa mawasiliano wa chombo cha anga kiitwacho Enterprise. Anatembea peke yake kwenye ujia wa chombo, anamkuta kijana mweusi mtanashati ambaye hajawahi kumwona. Anamuuliza kama wanafahamiana. Kijana anamjibu kwamba ndiye hasa aliyekuwa akimuwaza, kisha anamsemesha Kiswahili chenye lafudhi ya Hollywood. Uhura analainika, macho yanamganda, mgongo unagusa ukuta. Bahati yake anahitajika kazini, watu wanatokea kwenye lifti, anaponea chupuchupu. Yule hakuwa mtu. Alikuwa kiumbe anayefyonza chumvi mwilini mwa binadamu mpaka wafe, na mtego wake ni kujigeuza sura ya yule ambaye moyo wa mtu unamtamani.

Hadithi ya mapenzi ya Uhura ilianza hivyo, na nadhani hakuna mhusika wa televisheni aliyeanza vibaya zaidi. Lakini mwandishi wa sehemu ile alituachia jambo la maana: mwanamke huyu ni mpweke, na anapoota mtu wa kuutuliza upweke wake, anaota wa kwao.

Jina Uhura alilipata kwa bahati. Nichelle Nichols, mwigizaji wake na mwimbaji aliyewahi kuimba na bendi ya Duke Ellington, alikwenda kwenye usaili akiwa na riwaya ya Robert Ruark ya mwaka 1962 kuhusu Kenya, iitwayo Uhuru. Gene Roddenberry, muasisi wa tamthilia, alilipenda neno hilo, likabadilishwa herufi ya mwisho ili lisikike la kike.

Katika sehemu hiyohiyo ya kwanza kuna mazungumzo mafupi ambayo watu wengi waliyapita. Uhura, amechoshwa na kazi, anamchokoza Spock, afisa wa sayansi ambaye ni nusu binadamu na nusu mtu wa sayari ya Vulcan, ambako watu hufuata mantiki na kuzizima hisia zao. Anamtaka amsifie uzuri wake, au amsimulie sayari yao inavyopendeza mwezi unapokuwa mpevu. Spock anamjibu kwamba Vulcan haina mwezi. Uhura anasema wala hashangai. Wiki moja baadaye Spock anapiga kinanda chake cha nyuzi, Uhura anamwimbia wimbo wa utani, na yule asiyecheka anakaribia kutabasamu.

Mbegu ilikuwa imetiwa udongoni. Haikumwagiliwa.

Sababu moja ilikuwa ya kibiashara. Tamthilia za Marekani za wakati ule zilitengenezwa kila sehemu ikijitegemea, ili mtazamaji aliyekosa wiki iliyopita asipotee na vituo vya mikoani viweze kuzirusha kwa mpangilio wowote. Sisi tuliokesha na Isidingo ITV tulizoea mtu aoe, aachike, afilisike na kuzeeka mbele ya macho yetu. Kwenye Star Trek ya kwanza, lililompata mtu wiki hii lilifutika wiki ijayo. Mfano mbaya kuliko yote ni wa Septemba 1967, mashine iitwayo Nomad ilipofuta kumbukumbu yote ya Uhura. Wenzake wakaanza kumfundisha kusoma kama mtoto wa chekechea, na Kiingereza kilipomshinda akakimbilia Kiswahili. Sehemu iliyofuata yuko kazini, hana kovu wala hadithi.

Sababu nyingine ilikuwa rangi. Nichols alichoka kukaa kwenye kiti kile akipokea simu za anga za juu, na baada ya msimu wa kwanza akaamua kuacha. Kwenye hafla ya NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, akakutana na Martin Luther King, mpigania haki hizo, ambaye alimwambia familia yake huitazama tamthilia hiyo na kwamba hana ruhusa ya kuondoka. Akabaki.

Kisha likaja busu la tarehe 22 Novemba 1968. Viumbe wenye nguvu za akili wanawateka Kapteni Kirk na wenzake na kuwachezesha kama vikaragosi. Kirk, Mzungu, analazimishwa kumbusu Uhura. Ulikuwa mwaka mmoja na miezi michache tu tangu Mahakama Kuu ya Marekani ibatilishe sheria za majimbo zilizokataza ndoa za weusi na weupe, na wakubwa wa NBC waliogopa vituo vya majimbo ya Kusini. Nichols alisimulia kwamba walitaka nakala mbadala isiyo na busu, na William Shatner, mwigizaji wa Kirk, akaiharibu makusudi kwa kujifanya ana makengeza mbele ya kamera. Halikuwa busu la kwanza la aina hiyo duniani, maana Uingereza ilikuwa imetangulia. Hata hivyo BBC iliiweka kapuni sehemu hiyo hadi miaka ya 1990, kwa kisingizio cha ukatili uliomo.

Mimi linanivutia zaidi lililotangulia busu. Uhura anamwambia Kirk kwamba kila hofu inapomshika kazini humtazama yeye, na hofu ikaondoka. Kwa sentensi chache tumejua mengi zaidi kuhusu moyo wake kuliko katika misimu miwili iliyopita. Ila anayasema akiwa mateka, na busu lenyewe hakulichagua.

Filamu ya mwaka 1989 ilimdokezea uchumba na fundi mitambo Scotty, mambo ya vichekesho. Mwaka 2009 ndipo mwongozaji J. J. Abrams alipoichimbua ile mbegu. Katika filamu yake, Zoe Saldaña ndiye Uhura, na Kirk kijana anamsumbua muda mrefu amtajie jina lake la kwanza. Anakataa. Baadaye Kirk anamsikia Spock akimwita: Nyota. Huku kwetu, ambako mwanamke akishazaa mtaa mzima unamwita Mama Fulani na jina lake hubaki kwa wachache, hatukuhitaji kufafanuliwa uzito wa tukio hilo. Spock anapofiwa na mama na kupoteza sayari yake, Uhura anamfuata kwenye lifti, anaisimamisha, anambusu na kumuuliza anahitaji nini. Wapo waliolalamika kwamba msomi wa lugha amegeuzwa mpenzi wa mtu. Hoja yao ina uzito, lakini hatimaye alikuwa amechagua mwenyewe. Filamu ya 2016 ikaongeza utani: mkufu ambao Spock alimpa una jiwe lenye mionzi, na ndio unaotumika kujua alikofichwa na maadui.

Tamthilia ya Strange New Worlds ya mwaka 2022 ikarudi nyuma kwenye ujana wake, akiigizwa na Celia Rose Gooding. Huyu ni Mkenya bila utata. Anazungumza lugha 37, na wazazi wake walifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi kabla ajali haijawaua pamoja na kaka yake. Nichols alifariki Julai 30 mwaka huohuo, msimu wa kwanza ukiwa umetoka kumalizika.

Mapenzi ya Uhura na Spock hayamo humo, kwa kuwa yale ni ya filamu zenye mkondo wao wa historia. Msimu wa tatu, mwaka 2025, ulimletea kijana mpiga filamu, ndugu wa rubani wa chombo. Waandishi wana kibarua kigumu: lolote watakalompa lazima limfikishe kwenye kile kiti cha 1966, akiwa mpweke kiasi cha kuingia mtegoni kwa salamu ya Kiswahili. Imetangazwa kwamba msimu wa tano ndio wa mwisho, na utakuwa na sehemu sita tu.