Usukani wa mbio za muda: mambo ya kuzingatia kabla ya kuununua

Mwezi Septemba 2025 nchi jirani ya Rwanda iliandaa Mashindano ya Dunia ya baiskeli za barabarani, ambayo hayakuwahi kufanyika barani Afrika kabla ya hapo. Siku ya ufunguzi ilikuwa ya mbio za muda. Remco Evenepoel wa Ubelgiji alitwaa taji la wanaume kwa mara ya tatu mfululizo, katika njia ya kilomita 40.6 iliyoanzia BK Arena na kuishia Kigali Convention Centre, na Marlen Reusser wa Uswisi alishinda kwa upande wa wanawake. Wakazi waliojipanga kando ya barabara wamezoea kuziona baiskeli za Tour du Rwanda. Safari hii waliona umbo jingine: mwendeshaji amelala juu ya baiskeli, viwiko vimekaribiana, viganja vimenyooshwa mbele ya uso kama mtu anayeomba dua.

Umbo hilo hutokana na usukani. Tangu mashindano hayo yamalizike, vijana wengi wa vilabu vya kanda hii wanatamani kuwa na usukani wa namna hiyo. Kwa kuwa bei yake si ndogo, na makosa ya kuuchagua huweza kumwumiza mtu mgongo au kumwangusha, inafaa kueleza unavyofanya kazi.

Katika mbio za muda kila mwendeshaji huondoka peke yake, akitanguliwa na mwenzake kwa dakika moja au zaidi, na mshindi ni yule aliyetumia muda mfupi kuliko wote. Hakuna mgongo wa mtu wa kujificha nyuma yake. Mwendo ukifika kilomita 45 kwa saa kwenye barabara tambarare, zaidi ya asilimia 80 ya nguvu ya miguu huishia katika kuisukuma hewa. Ukinzani huo una tabia ya kukatisha tamaa: anayetaka kuongeza mwendo wake maradufu huhitaji takribani nguvu mara nane ili kuishinda hewa. Tena kinachoipinga hewa zaidi ni mwili wa mwendeshaji, wala si baiskeli. Kwa hiyo kazi kubwa ya usukani huu ni kuuweka mwili katika umbo linaloipasua hewa kwa urahisi. Wembamba wa usukani wenyewe, ambao matangazo ya biashara huusifu sana, ni jambo la pili.

Usukani kamili una sehemu tatu. Ya kwanza ni msingi, yaani upau wa kukingama wenye ncha zilizoelekea mbele kama pembe, ambako breki hukaa. Ya pili ni mirija miwili inayotangulia mbele, ambayo viganja huishika na ambayo aghalabu hubeba vitufe vya kubadilishia gia. Ya tatu ni viegemeo viwili vyenye sifongo, ambavyo hupokea vigasha, yaani sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kiganja.

Sekunde nane za mwaka 1989

Thamani ya mirija hiyo ilidhihirika mbele ya dunia tarehe 23 Julai 1989, siku ya mwisho ya Tour de France. Laurent Fignon wa Ufaransa alikuwa akiongoza kwa sekunde 50, na zilibaki kilomita 24.5 tu za mbio za muda kutoka Versailles hadi Paris. Greg LeMond wa Marekani alifunga mirija ya mbele katika usukani wake, kifaa kilichobuniwa na Boone Lennon, aliyekuwa kocha wa mchezo wa kuteleza kwenye theluji, na ambacho wanariadha wa triathloni walikuwa wamekwisha kukikubali. Fignon alitumia usukani wa pembe usio na mirija, kichwa wazi. LeMond alimzidi kwa sekunde 58 siku hiyo na kushinda Tour nzima kwa sekunde 8, tofauti ambayo hadi leo ndiyo ndogo kuliko zote katika mbio hizo kwa wanaume. Haiwezekani kusema kwa hakika kwamba ni usukani peke yake uliompa ushindi, kwani alikuwa pia na kofia yenye umbo la kukata upepo na miguu yenye nguvu. Hata hivyo, baada ya siku hiyo hapakuwa tena na timu kubwa iliyokicheka kifaa hicho.

Kipi kitazamwe kwanza

Jambo la kwanza la kuuliza dukani ni kama usukani unarekebishika. Viegemeo vinapaswa kuweza kupandishwa na kushushwa kwa kuongeza au kupunguza pete chini yake, kusogezwa mbele na nyuma, na kukaribishwa au kutenganishwa. Mirija nayo iwe na nafasi ya kurefushwa au kukatwa. Usukani wa kaboni ulioungwa kipande kimoja huvutia macho, lakini humlazimisha mtu kuufuata badala ya wenyewe kumfuata mtu. Kwa anayeanza, wa alumini wenye marekebisho mengi una manufaa zaidi, hata kama ni mzito kidogo.

Urefu wa viegemeo kutoka ardhini ndio huwapoteza wengi. Vijana hutazama picha za mabingwa na kushusha usukani hadi mwisho wa uwezo wake. Kiwiliwili kikishuka mno, pembe ya nyonga hubana, goti hukaribia kifua, pumzi hukatika na nguvu ya miguu hupungua. Kilichopatikana kwa hewa hupotea kwa misuli. Shingo nayo huchoka kuinuliwa, hivyo mtu huinamisha kichwa na kuacha kuitazama njia. Ni heri kuanza na viegemeo vilivyo juu, kisha kuvishusha kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Kipimo cha haki ni kurudia njia ileile, siku isiyo na upepo, kwa juhudi ileile, na kulinganisha muda.

Upana wa viegemeo hutegemea mabega na ujasiri. Viwiko vilivyokaribiana huziba hewa isiingie kifuani, lakini baiskeli huyumba zaidi katika kona. Kuhusu umbo la mirija, ipo iliyonyooka, ipo iliyopinda juu mwishoni, na ipo yenye mikunjo miwili kama herufi S. Tofauti kubwa hapa ni faraja ya vifundo vya mikono. Iliyopinda juu huwafaa wengi, kwa sababu kiganja hukaa kama kinavyokaa mtu anapopeana mkono na mwenziwe.

Anayekusudia kushiriki mashindano rasmi hana budi kuzijua kanuni za shirikisho la dunia, UCI, kabla ya kulipa. Urefu wa usukani hupimwa kwa mlalo, kutoka mstari wa wima unaopita katika mhimili wa pedeli hadi ncha ya mirija. Tangu mwaka 2023 kikomo hufuata kimo cha mtu: sentimita 80 kwa aliye chini ya sentimita 180, sentimita 83 kwa aliye kati ya 180 na 189.9, na sentimita 85 kwa aliyefika 190 au zaidi. Tofauti ya kimo kati ya viegemeo na ncha ya mirija isizidi sentimita 10, 12 na 14 kwa makundi hayo matatu. Baiskeli hukaguliwa kabla ya kuondoka, na isiyotimiza vipimo hairuhusiwi. Katika mbio za kundi mirija hii imekatazwa kabisa.

Milima ya Kigali iliongeza swali jingine. Katika mwinuko mkali mwendo hushuka, hewa hupoteza ukali wake, na mwendeshaji huacha mirija na kushika msingi ili avute kwa nguvu. Ndivyo walivyofanya wengi kwenye mawe ya Kimihurura. Yeyote anayeishi katika nchi ya vilima ajaribu kwa makini jinsi msingi unavyoshikika, kwa kuwa ataushika mara nyingi kuliko anayeishi kwenye tambarare.

Njia nafuu, na hatari yake

Si lazima kununua baiskeli mpya. Ipo mirija ya kufunga juu ya usukani wa kawaida, yenye viegemeo vyake, na kwa klabu yenye kipato kidogo huo ndio uamuzi wa busara. Apimwe kwanza mnene wa usukani mahali pa kufungia: nyingi za kisasa zina milimita 31.8, za zamani milimita 26, na kibano kisichooana huteleza. Usukani wa kaboni, hasa uliobapa juu, mara nyingi haukuundwa kubanwa hapo na huweza kupasuka. Maelekezo ya mtengenezaji yasomwe kabla ya spana kushikwa.

Anayeshika mirija huwa yuko mbali na breki. Mwezi Juni 2019 Chris Froome, akiwa na baiskeli ya mbio za muda nchini Ufaransa, aliachia mkono mmoja, upepo ukampiga, akavunjika mifupa kadhaa. Januari 2022 Egan Bernal aliligonga basi lililosimama nchini Kolombia alipokuwa akifanya mazoezi kwa baiskeli ya namna hiyo. Hao ni washindi wa Tour de France. Katika barabara zenye malori, pikipiki na watembea kwa miguu, mazoezi ya mkao huu yafanyike alfajiri katika kipande cha barabara kisicho na magari, au ndani ya nyumba kwenye kifaa cha kuishikilia baiskeli, na mikono irudi kwenye breki kila panapokuwa na kona, makutano au mtu.